Chumba Nilichokitia Giza

Mwanangu Zaituni,

Umekwenda Mchukwi kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana bibi haruhusu mtu kuondoka mpaka ale na afungiwe mihogo ya njiani. Nimeona niutumie muda huu. Nimekaa barazani, daftari liko gotini, alasiri nimeshaswali. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Dar, na kutoka huko Mbeya, chuoni. Habari za blanketi la baridi, za kutolala ndani ya gari ukiwa na mkoba, za nani wa kumpigia ukishuka stendi, mama yako ameshakuambia mara tatu na shangazi yako mara nne. Mimi sitazigusa.

Nataka kukuandikia habari za chumba cha sinema. Umekulia humo nusu ya ujana wako, lakini hujui kilianzaje kichwani mwangu, wala hujui nilichoambiwa mwisho wake. Kuna neno moja nimelificha miaka mitatu, na neno hilo linakuhusu wewe pia. Ukinichukia katikati ya barua, usiiweke chini. Soma mpaka mwisho, halafu unichukie vizuri.

Nilifika huku kutoka Umatumbini nikiwa kijana, wakati magari bado yanasubiri kivuko pale Ndundu. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanalala njiani siku nzima, nami nikafungua banda la video la makuti. Abiria waliokwama waliingia kuangalia picha. Sasa banda la makuti linavuja mwanga kama kapu, na televisheni za wakati ule zilikuwa na kioo kilichobinuka, kinarudisha kila kitu: mlango, jua la juu ya maji, hata shati jeupe la mtu aliyekaa mbele. Wateja walikuwa wanapiga kelele, "Fundi, mbona tunajitazama wenyewe!" Nikajifunza kuua mwanga. Nilitundika magunia, nikapaka masizi kwenye nguzo, nikageuza mlango utazame upande mwingine. Nikagundua kitu ambacho hakuna aliyenifundisha: zima televisheni, kaa kwenye kiti cha mteja, tazama kioo kikiwa cheusi. Chochote utakachokiona humo ndicho kitakachokuharibia picha. Kiondoe kimoja kimoja mpaka kioo kisikuonyeshe kitu.

Daraja lilipofunguliwa magari yakaanza kupita bila kusimama, na banda likafa. Nikahamia hapa Kibiti, nikawa fundi wa madishi, nikamwoa mama yako, ukazaliwa wewe. Ujuzi ule wa kuua mwanga ukakaa tu, hauna kazi.

Ulipokuwa darasa la saba, mstaafu mmoja wa Ikwiriri alijenga nyumba, akaleta televisheni kubwa ukuta mzima. Picha haikuonekana. Sebule yake ilikuwa na vigae vinavyong'aa, kabati la vioo, dari jeupe la kupakwa rangi ya mafuta. Aliwaita mafundi wawili wakamwambia televisheni ni mbovu. Mimi nilikaa kwenye kiti chake, nikaizima, nikatazama. Nilimfanyia kazi wiki moja. Kuta nikazipaka rangi ya kijivu iliyoiva, isiyong'aa. Kabati likahamishwa. Taa ikatoka mbele ikaenda nyuma ya televisheni, iwe inamulika ukuta na siyo watu. Siku ya kukabidhi alikaa akatazama, kisha akawaambia wageni wake, "Huyu bwana anaona mwanga ambao ninyi hamuuoni."

Nilirudi na maneno hayo nyumbani kama mtu aliyebeba zawadi. Mama yako alikuwa analoweka ukindu wa mikeka. Nilimwambia, akacheka, akasema, "Basi mimi nimeolewa na mtu mkubwa." Alikuwa ananitania, lakini mimi niliyachukua vilevile yalivyo. Tangu siku ile sikuwa tena fundi wa madishi. Nilikuwa mtu anayeona mwanga.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa na dirisha kubwa, la mashariki. Mama yako alikuwa anasukia mikeka yake pale, asubuhi, miguu ameinyoosha, rangi zote zimepangwa pembeni. Nilipomwambia nakitaka kile chumba hakubisha. Alisema, "Mwanga nje upo mwingi, Baba Zaituni. Chukua chumba chako." Akahamia uani, chini ya kibaraza cha jiko. Mimi nikaleta matofali nikaziba dirisha, nikapaka kuta kijivu, nikanunua televisheni kubwa na kuweka taa nyuma yake kama kule Ikwiriri.

Unakumbuka jinsi tulivyofurahi. Watoto wa jirani walijazana, na wewe na mama yako mkaona fahari. Sitasema yote yalikuwa mabaya. Mama yako alipenda picha. Alipenda kukaa pale jioni kazi zikiisha, amejiegemeza kwangu, anauliza, "Huyu si ndiye aliyekufa mwanzo?" Nami namjibu, "Huyu ni pacha wake." Sijawahi kuwa na furaha nyingine ya kulinganisha na ile. Ndiyo maana inanikaba zaidi.

Siku moja, chumba kikiwa hakijamaliza miezi mitano, akaniambia, "Baba Zaituni, ile taa ya nyuma ina duara."

"Duara gani?"

"Duara la rangi, kama upinde wa mvua. Linaizunguka. Na picha ina ukungu."

Mwanangu, mtu mwingine yeyote angemuuliza mke wake: jicho linauma? Limeanza lini? Mimi niliinuka nikaitazama taa. Sikuona duara. Lakini kwa kuwa mimi ndiye mtu anayeona mwanga, sikuweza kukubali kwamba yeye anaona mwanga nisiouona mimi. Nikasema lazima ni dari. Dari lilikuwa la rangi ya maji lakini lina kung'aa kidogo. Siku ya pili nikaanza kulipaka jeusi.

Baada ya wiki akasema duara bado lipo. Nikatoa vioo vya picha za ukutani, hata ile ya harusi yetu. Nikamwomba asuke mikeka ya rangi ya kuiva nitandike juu ya sakafu, akasuka, tukatandika. Viti vya plastiki vyeupe nikavitoa. Nilifikia mahali navua kanzu yangu mlangoni kwa kuwa ilikuwa nyeupe, mkacheka wewe na mama yako mpaka mkakaa chini. Yeye bado anaona duara. Mwisho nikaitoa taa yenyewe. Nikakaa naye kwenye giza tupu, televisheni peke yake inawaka, nikamuuliza, "Na sasa?"

Akatazama, akasema, "Sasa sioni duara."

Nilipiga makofi. Nilipiga makofi, Zaituni. Duara halikuwepo kwa sababu hapakuwa na taa ya kulibeba, na mimi nikahesabu kwamba nimeshinda.

Kichwa kikaanza. Unakumbuka alivyokuwa anajifunga kanga kichwani, anabana juu ya nyusi ya kulia. Alikuwa anasema, "Nikikaa humu kinapanda. Nikitoka juani kinaniachia." Alinipa jibu lote mkononi, na mimi nikalipokea kama malalamiko juu ya kazi yangu. Nikawaza, kama chumba ndicho kinachomuumiza, basi bado kuna mwanga unaorudi mahali, mdogo, unamchoma macho. Nikaziba matundu ya hewa ya juu. Nikabandika gundi nyeusi kwenye kile kitaa chekundu cha king'amuzi. Kadiri alivyosema anaumwa, ndivyo nilivyozidi kumtia gizani. Na yeye alizidi kuja kukaa, kwa kuwa aliona ninavyohangaika na hakutaka kunivunja moyo. Hilo amenieleza mwenyewe, baadaye sana.

Sasa nifike kwako. Ulikuwa kidato cha pili. Tulikuwa uani, mchana kweupe, tunakunywa chai. Mama yako alipeleka mkono kuchukua mhogo akakiangusha kikombe kilichokuwa ubavuni mwake. Hicho kilikuwa cha tatu wiki ile. Ulisubiri aingie ndani, ukaja kwangu, ukasema polepole, "Baba, mama hakioni kitu kikiwa kando yake. Nimemjaribu. Nimesimama pembeni yake nikanyamaza, hakujua kama nipo."

Nikakwambia, "Umekuwa daktari lini wewe?"

Ukasema, "Baba, nakuomba tumpeleke."

Nikakwambia mtoto wa kike hamchunguzi mama yake kama mwizi. Nikakwambia mama yako amechoka, na kwamba kama unataka kusaidia uoshe vyombo yeye apumzike. Ukaondoka ukaosha vyombo. Hukulisema tena. Nimefanya makosa mengi, na mengine yana visingizio: sikusoma, sikujua, sikuwa na wa kuniambia. Hili halina kisingizio. Niliambiwa. Niliambiwa na mtoto wa miaka kumi na mitano aliyefanya uchunguzi bora kuliko wangu wote, na nikamfunga mdomo kwa sababu alikuwa anatazama mtu, na mimi natazama ukuta.

Kama kuna kitu kimoja cha kuondoka nacho humu ni hicho. Unakwenda kuwa mwalimu. Mtoto atakuja akwambie haoni ubaoni. Usianze na ubao.

Siku ya pili ya Idi, mwaka uliofuata, ulikuwepo. Tulikaa humo tangu baada ya adhuhuri, picha mbili mfululizo, mlango umefungwa. Katikati ya ya pili akaniambia anasikia kichefuchefu. Kisha akatapika. Tulipomtoa nje jicho la kulia lilikuwa jekundu kama limetiwa pilipili, analia kwamba jicho linataka kutoka, na mwanga wa jua unamchoma. Tukasema ni chakula cha sikukuu, tukasema malaria, shangazi yako akasema kipandauso. Na kwa kuwa alisema mwanga unamuumiza, mimi, mume wake, nikamrudisha kwenye chumba changu, kwa sababu ndicho chumba chenye giza kuliko vyote Kibiti. Nikamlaza juu ya mkeka aliousuka mwenyewe. Nikampa dawa ya maumivu. Alikaa humo siku mbili. Nilikuwa najivunia, hata saa hiyo, kwamba nina mahali pa kumpumzisha.

Siku ya tatu alisema, "Upande huu sioni kitu kabisa." Ndipo tukaenda hospitali, na hospitali hawakutukawiza hata saa moja, wakatuandikia twende Dar kwa madaktari wa macho. Wewe ulibaki na mitihani. Kwa hiyo yaliyotokea Dar unayajua kwa maneno yangu tu, na maneno yangu yalikuwa nusu.

Nilikwambia ni presha ya macho, kwamba jicho la kulia limekufa na la kushoto limebaki na tundu dogo la kuonea, ambalo nalo liliziba mwaka jana. Hayo ni kweli. Nilikwambia daktari alisema ni amri ya Mungu. Hakusema hivyo. Mimi ndiye niliyesema.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu, mpole. Mama yako alipopelekwa kutiwa dawa, akanibakiza ofisini, akauliza, "Mama anapenda kukaa gizani?"

Nikamwambia kuhusu chumba. Nilimweleza kwa fahari kidogo mwanzoni, Mungu anisamehe. Dari, mikeka, taa niliyoitoa. Aliweka kalamu chini.

Akanieleza taratibu. Jicho lina maji ndani yake, na maji hayo yana njia ya kutokea. Kuna watu wameumbwa na njia nyembamba. Mtu wa namna hiyo akikaa gizani, mboni inapanuka, na ikipanuka inaisukuma njia ile mpaka inaziba, maji yanajaa, presha inapanda na kuua mishipa ya kuonea. Akitoka kwenye mwanga mboni inasinyaa, njia inafunguka, anapata nafuu. Yale maduara ya rangi ndiyo dalili yenyewe. Yale ya kusema juani kinaniachia ndiyo dalili yenyewe.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo chumba ndicho kilichompofua?"

Akasema, "Ugonjwa alikuwa nao, baba. Angeweza kuupata hata bila chumba. Lakini giza lilikuwa linamkaba kila siku. Na kama mngekuja wakati wa maduara, tungemtoboa katundu kadogo kwa mionzi, kazi ya dakika chache, angerudi nyumbani anaona."

Dakika chache, Zaituni. Mimi nilipaka dari kwa siku nne.

Kisha akasema neno la mwisho, na hili ndilo nililolificha. Alisema maumbile hayo ya jicho hutembea katika damu. Akauliza kama mama yako ana watoto. Nikasema anaye mmoja, binti. Akasema, "Huyo naye aje apimwe, hata kama haumwi chochote. Asikawie."

Nilimjibu, "Nitamleta."

Sikukuleta. Tulipanda gari, tukapita Mbagala, tukapita Mkuranga, mama yako kaniegemea na bandeji, na njia nzima nilikuwa natunga namna ya kukwambia ukapimwe bila kukwambia kwa nini. Ungeniuliza, maana wewe unauliza. Ungeuliza daktari kasema nini juu ya mama, ungeuliza juu ya chumba, na ningebaki uchi mbele yenu wawili. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema mwezi ujao. Miaka mitatu nimekuwa nakutazama ukifikicha macho ukiamka. Ukisoma kwa taa nakuuliza, "Unaona vizuri?" Unanijibu, "Naona, Baba," na mimi naliweka jibu lako mfukoni kama ndilo kipimo. Nilimpoteza mama yako kwa kutojua. Wewe nimekuweka hatarini huku najua. Sijui jina la mtu wa namna hiyo.

Kuhusu dirisha: ulinikuta siku ile natoboa ukuta na nyundo, vumbi jeupe kote, ukadhani nimepandwa na wazimu. Tulikuwa tumerudi kutoka Dar siku mbili nyuma. Mama yako alikuwa kitandani chumba cha pili, akaita, "Unagonga nini?"

Nikasema, "Nafungua dirisha."

Akasema, "La nini?"

Niliendelea kugonga mpaka nikamaliza. Jua likaingia, likakaa sakafuni pale alipokuwa ananyooshea miguu. Nilimshika mkono nikamleta. Kwa tundu lile alilobakiwa nalo alitazama huku na huku, akasema, "Kumbe ulipaka na ukuta huu." Akarudi kulala. Tangu hapo nimeipeleka televisheni kwa watu, na hakuna aliyenisikia nikisema ninaona mwanga.

Utajiuliza kwa nini leo. Siyo ujasiri. Jana uliinua tiketi ukaisogeza karibu na uso kuisoma, na pengine ni maandishi tu yalikuwa madogo, lakini mimi sikulala. Leo baada ya adhuhuri, ulipokwisha ondoka kwenda kwa bibi, niliingia ndani. Mama yako alikuwa anakukunjia nguo kwa kupapasa, anatafuta upindo kwa vidole ajue ipi mbele ipi nyuma. Nikakaa sakafuni nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, na la daktari.

Hakuacha kukunja mpaka nilipofika kwenye mionzi. Hapo mikono ikasimama.

Akauliza, "Alikuambia siku gani?"

"Siku ileile."

"Tukapanda gari pamoja, tukafika hapa, ukanipikia uji. Hukusema."

"Sikusema."

"Na mtoto anajua kwamba anatakiwa kupimwa?"

Nikasema, "Hajui."

Nilimwona mama yako akilia alipopoteza jicho la kwanza, na alipopoteza la pili. Leo amelia tofauti, Zaituni, kama mtu aliyefiwa. Nilinyoosha mkono akausukuma. Alisema, "Macho yangu ningekuachia. Mimi mwenyewe nilikuwa nakuja kukaa humo. Lakini mtoto huyu ananishika mkono kunipeleka chooni miaka mitatu, anaacha kucheza na wenzake, na wewe unajua, na unamtazama?"

Nikaanza kusema nisamehe. Akanikata. "Usiniombe kitu leo. Nenda kamwandikie. Mwandikie yote, na usijifiche mahali popote. Ukimaliza utanisomea."

Nimemsomea. Amenisahihisha mahali pawili. Nilikuwa nimeandika kwamba alilalamika juu ya taa mara mbili. Amesema ni mara nyingi, niifute. Na nilikuwa nimeandika kwamba ulinielewa nilipokugombeza siku ya kikombe. Amesema hukunielewa, ulilia jikoni, yeye alikusikia akadhani umegombana na wenzako shuleni. Hiyo nami nimeijua leo.

Hana neno jingine na mimi. Amebeba mto wake amehamia kitandani kwako, atalala na wewe usiku wa leo. Ukimkuta hasemi sana usimhimize. Kesho atakusindikiza yeye mpaka stendi, na mjukuu wa jirani atamshika mkono kumrudisha. Mimi amesema nibaki nyumbani, na nitabaki. Barua hii ataitia mwenyewe kwenye mkoba wako, chini ya vitenge, na atakwambia uifungue ukishavuka Chalinze.

Ukifika Dar usiende moja kwa moja Mbeya. Shuka, lala kwa mama yako mdogo, ameshapigiwa. Asubuhi nendeni pamoja hospitali ya macho, mwambie daktari mama yako alikuwa na njia nyembamba na kwamba ulitakiwa kuja miaka mitatu iliyopita. Chuo kitasubiri siku moja au mbili. Ukiisoma hii tayari umeshapita Dar, basi shuka popote penye gari la kurudi, urudi.

Hapana. Nimemwambia mama yako sasa hivi kwamba hilo la Chalinze halifai, na amekubali. Atakupa leo, ukirudi tu kutoka kwa bibi, kabla hujavua viatu. Nitakuwa barazani. Ukitaka kuja kunisemesha, njoo. Ukitaka kupita, pita.

Na wakikupima, majibu yoyote yatakayotoka, mpigie mama yako kwanza. Mimi usinipigie. Nitakaa karibu yake, nitajua kwa sauti yake.

Baba yako.